Nyumba Isiyoonekana Kutoka Barabarani

Sisi tuliokulia vibanjani Muleba, nyumba ikiwa katikati ya shamba la migomba, kabla watoto hawajajifunza kuinamia simu mpaka shingo zikapinda, tulikuwa na uwanja wa michezo usio na mlango wala kiingilio. Uwanja wenyewe ulikuwa migomba ya nyumbani. Ukitoka barabarani unashika njia nyembamba, majani yanakupangusa mabega, jua linapotea, ubaridi unakushika miguuni, na nyumba bado hujaiona. Utaanza kusikia kuku, halafu kikohozi cha tata, baba yetu, halafu utanusa ndizi na maharage jikoni. Ukishapinda kwenye mbuni mzee wa kahawa, ndipo unakutana na uwanja uliofagiliwa, na mama anakuuliza mbona umechelewa.

Humo ndimo tulimocheza kombolela, na aliyejificha vizuri aliweza kusahauliwa mpaka chakula kikaiva. Mpira tuliusokota kwa majani makavu ya migomba. Kahawa mbivu tuliinyonya utamu wake, tukatema mbegu kwa siri, maana tata akiziona alijua zimetoka mdomoni mwa nani. Jumamosi hapakuwa na mchezo. Tulipanda rweya, ile nyika ya nyasi nje ya kijiji, tukakata nyasi na kurudi na mizigo kichwani, shingo zikiwasha kama tumelala juu ya siafu. Mama alizitandaza chini ya migomba bila haraka, kana kwamba anatandika kitanda cha mgeni. Tukinung'unika alisema, "Ardhi haitembei uchi." Na maganda ya ndizi hayakutupwa ovyo. Yalirudishwa shinani. "Mgomba umetulisha, na wenyewe ule," ndivyo alivyotuambia, na hakuna aliyebisha.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo, akapata kazi, akajenga Kitendaguro mjini, unadhani alipanda nini? Hakupanda kitu, na mtu huyo ni mimi. Nilimwaga vitofali vya saruji kuanzia geti mpaka ukutani, zile pevingi, zikang'aa. Mwanangu Novatus alinionyesha picha kwenye simu, tukaongeza kokoto nyeupe na minazi ya mapambo inayosimama kama askari wa zamu. Nyumba ilionekana kutoka barabarani, na hilo ndilo nililotaka. Sisi Wahaya tukipata, tunataka jirani ajue kabla hajaambiwa.

Tata alipotutoka, na miguu ya mama ilipoanza kuvimba, daktari alisema asikae mbali na hospitali. Kibanja tukamwachia mdogo wangu Deo, nami dada yake nikamleta mama kwangu. Alisimama getini akaitazama nyumba nzima kwa mara moja, tangu bati mpaka msingi. "Mwanangu," akasema, "nyumba yako iko uchi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Begi lake aliliweka nyuma ya mlango, nguo zikiwa ndani, na hakuzihamishia kabatini. Adhuhuri saruji iliwaka, akashinda chumbani pazia limefungwa. Akimenya ndizi, alizunguka uwanja mzima na beseni la maganda akitafuta pa kuyaweka, mwisho akayalundika chini ya mnazi wa mapambo, juu ya kokoto nyeupe. Novatus akayazoa. Kesho yake mama akayarudisha. Kila Jumapili tukitoka misa aliniambia, "Nirudishe kwetu, waitu, mwanangu. Hapa nasubiri tu." Mwishowe akampigia Deo aje kumchukua kahawa ya mwakani ikishavunwa. Niliogopa. Nilijua akirudi kule mbali na hospitali, miguu ile haitampa miaka.

Basi nikaita vijana wenye nyundo. Majirani walidhani nimechanganyikiwa, maana vitofali vile watu wanavisifu, mimi navingʼoa. Novatus alinuna wiki nzima akisema tunarudi kijijini. Nikamwambia ndiyo, na wewe utabeba nyasi. Nikamtoa mama nje kwa kiti, nikamkabidhi uwanja. Hapo ndipo nilipomwona tena yule mama wa Jumamosi. Alinyoosha fimbo: hapa machipukizi ya migomba, na ayakague kwanza yasije yakawa na mnyauko, pale kahawa, ipate kivuli, magimbi kule maji ya bomba yanakotuama, miti ya mulamula mpakani, jirani ajue mwisho wake bila ugomvi. Njia akataka iwe nyembamba, tena ipinde. Nilitaka kuinyoosha, akaniuliza mgeni gani anapaswa kutuona tukila kabla hajapiga hodi.

Mvua zikanyesha zikarudi tena. Migomba ikatanda. Novatus alirudi na mizigo ya nyasi akijikuna shingo, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Mama akahamia nje kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama, beseni la maganda mapajani, akilisha migomba mmoja baada ya mwingine na kuisemesha kwa Kihaya. Miguu ikapungua uvimbe. Kliniki anakwenda na kurudi kwa miguu yake.

Kahawa ikavunwa, Deo akaja kama walivyoagana. Alikuwa na gari la kukodi kabisa. Simu ya mama ikalia, tukamsikia Deo analalamika: amepita barabara hiyo mara kadhaa, nyumba ya dada haipo, anaona migomba tu.

Mama alinitazama. Akaanza kucheka, kicheko kile cha kutikisa mabega ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike tata.

"Ukiona migomba tu, umefika," akamwambia. "Pita mlemle."

Deo akatokeza penye kona ya njia, jani moja likiwa limemkwama kichwani, akasimama akitazama kana kwamba ametumbukia uwanja wetu wa Muleba. Akauliza mizigo iko wapi apakie. Mama akaingia ndani, akatoka na begi, akampa. Lilikuwa jepesi. Nguo zote zilikuwa kabatini, na mimi mwenye nyumba sikujua ni tangu lini.

"Rudi nalo," mama akasema. "Ukija tena nijazie kahawa ya kutafuna, ya kukaribishia watu. Kwangu wageni wameanza kuja."

Watoto wa siku hizi wanasifia nyumba inayoonekana kutoka mbali, na siwalaumu, nami niliifukuzia hiyo hiyo mpaka ikanitia joto. Enzi zetu nyumba ilifichwa, na aliyeifikia alikuwa ameitafuta. Jana Novatus alikuja na rafiki zake kupiga picha chini ya migomba. Mama aliwaacha wamalize, halafu akawapa beseni la maganda.