Utani wa Upande Mmoja

Leonia ana mdomo. Hilo mtu wa Bukene atakuambia kwanza, kabla hajakuambia kwamba ni mjane, au kwamba alizaa mtoto mmoja tu, Theodora, akamzika. Enzi ambazo treni ya Mwanza ilikuwa ikija imejaa, Leonia aliuza karanga za kuchemsha kwenye madirisha ya mabehewa, na abiria waliokuwa wamejifunika kulala walifungua dirisha ili wamsikie akitukana watu. Yeye ni Mnyamwezi, na akimtambua Mzaramo au Mzigua, watani wa kabila lake, kwa lafudhi, alipandisha bei hapohapo, akidai ni fidia ya babu zake waliobeba pembe za ndovu hadi pwani wakanyimwa maji ya kunywa njiani. Wengine walicheka wakalipa. Wengine walinyakua fungu la karanga treni ikiwa imeshaanza kutembea, wakampungia mkono. Hakukasirika. Safari iliyofuata alimnyang'anya Mzigua mwingine ndizi zake, akazila mbele ya macho yake. Ndivyo utani ulivyo huku: unachukua, unachukuliwa, na hakuna anayekwenda kushtaki.

Theodora alipofariki aliacha mtoto wa kiume, Fikiri, naye akalelewa na bibi yake. Mjukuu na bibi ni watani, kwa hiyo tangu hajaota meno yote Fikiri alikuwa akimwita Leonia "mke wangu", na Leonia alikuwa akimjibu kwamba mume gani huyu hajaleta hata dagaa nyumbani. Watu walipita uani kwao makusudi wapate kicheko cha jioni. Fikiri akakua, akapata pikipiki, akawa anabeba abiria kutoka stesheni. Mdomo wa bibi yake aliurithi wote. Kitu kingine sijui kama alirithi.

Ilianza na nyama. Fikiri aliiondoa kwenye sahani ya bibi yake akisema mke hula baada ya mume, majirani wakacheka, na Leonia akacheka. Ikafuata redio, kwa kuwa mke hana haja ya taarifa ya habari. Halafu kitanda. Msimu wa mpunga, wanunuzi walipoanza kutafuta pa kulala, Fikiri alimpangisha mmoja wao chumba cha bibi, akakihamishia kitanda chumbani kwake, na bibi akamhamishia jikoni, kwenye kibanda cha nyuma chenye mafiga na magunia. "Mke mdogo ikulu yake jikoni," alisema, na msemo huo ukatembea hadi sokoni. Kuna siku alimfungia humo kwa komeo la nje kutwa nzima, akarudi akisema wivu ulimzidi.

Majirani sitawatukana, ingawa natamani. Mtu ananyang'anywa huku anacheka, na anayenyang'anya anacheka, nani wa pembeni atasema acha? Kukasirikia utani ni aibu, na kumwingilia mtani wa mtu ni aibu kubwa zaidi. Leonia mwenyewe asingeweza kusema ameumia. Miaka yote alikuwa yeye ndiye anayewashinda watu kwa maneno, na mtu wa namna hiyo hajui aanzie wapi kulia.

Watu watatu wa serikali walifika kwake kwa nyakati tofauti, na wote watatu walirudi mikono mitupu. Wa kwanza hakufika, alifuatwa. Huyo ni Bernadeta, muuguzi wa kituo cha afya, mwenyeji wa Igunga. Masika yaliyopita Leonia alimwendea na kifundo cha mkono kimevimba, akasema ameteleza kisimani, na Bernadeta akamfunga bandeji. Wa pili ni Wenceslaus, afisa ustawi wa jamii, Mhaya, mtu mpole anayependa kila ugomvi umalizwe ndugu wakiwa wamekaa pamoja. Aliambiwa kuna mzee analala jikoni. Akaenda, akamkuta bibi na mjukuu wanataniana hadi machozi yanawatoka, akanywa chai akaaga. Wa tatu ni Najiat, askari wa dawati la jinsia, Mzigua wa Handeni. Jirani mmoja alimpigia simu kuhusu makelele ya siku ile ya komeo. Alipofika, Leonia alimwambia, "Afande, kwenu mume akiwa na wivu mnamfunga?" Mtaa mzima ukacheka, na Najiat akapanda pikipiki yake akaondoka.

Safari ya pili Leonia alikwenda kituo cha afya kwa kikohozi. Bernadeta alimpima uzito akaona umeshuka vibaya. Alipomgeuza ili amsikilize mapafu, akaona nyonga ina vidonda, vile vinavyompata mtu anayelala chini kwa muda mrefu. "Nimezeeka tu, sista," Leonia alimwambia. Bernadeta alikasirika, na zaidi alijikasirikia, maana na yeye alilelewa na babu aliyemwita mchumba, na neno hilo utani lilikuwa limemziba macho. Akawatafuta wenzake wawili kwa simu. Ndipo walipogundua kwamba kila mmoja alikuwa na kipande chake kibindoni na hajawahi kumwonyesha mwenzake.

Walikutana kwenye benchi la kituo cha afya wakabishana. Najiat alitaka kumkamata Fikiri siku hiyohiyo. Wenceslaus alimuuliza atamkamata kwa kosa gani, mzee akisimama mbele ya hakimu na kusema ni utani? Bernadeta alitaka kumlaza Leonia wodini ale ashibe, na Najiat akamuuliza akishashiba atarudi kulala wapi. Mtendaji wa kata, aliyekuwa amepita kuchukua dawa ya mtoto, aliwashauri waachane na mambo ya Wanyamwezi na wajukuu zao. Ushauri huo uliwasaidia sana. Uliwaudhi wote watatu kwa pamoja, wakaacha kubishana wakaanza kupangana.

Wakaenda mchana, siku ambayo Fikiri hakuwa stesheni. Aliwapokea kwa bashasha, akaleta viti. "Karibuni. Mke wangu yuko ikulu, ana hedhi ya uzeeni, msimsogelee." Wenceslaus akacheka kidogo, akamshika mkono, akamwambia ana maneno naye kuhusu huyo mpangaji wa chumba, wakae hapa mbele kivulini. Alimweka hapo kwa mazungumzo marefu ya mikataba ya upangaji, na kwa kazi ya kumchosha mtu kwa upole, Wenceslaus hana mpinzani wilaya nzima.

Nyuma, Bernadeta na Najiat walimkuta Leonia anapepeta mchele wa mpangaji. Najiat hakuvuta kiti wala hakuuliza swali. Alimwamkia, akaitikiwa, kisha akaanua kitenge kilichokuwa kambani, kitenge pekee kizuri cha Leonia, akajifunga kiunoni juu ya sare.

"Wanyamwezi mna vitu vizuri," akasema. "Hiki nakwenda nacho Handeni."

Leonia akaweka ungo chini. Macho yakamchangamka.

"Mzigua mwizi!" akasema. "Nilijua tu hiyo sare umeazima!" Akainuka kwa shida, akamwondolea Najiat kofia ya polisi kichwani, akaivaa mwenyewe. "Sasa mimi ndiye afande. Piga saluti, na hicho kitenge kioshe ukishamaliza kukichafua."

Najiat akapiga saluti. Wote watatu wakacheka, na kilikuwa kicheko cha kweli. Bernadeta anasema hajamwona Leonia akicheka vile tangu amfahamu, akasikia huzuni, kwa sababu sasa alijua tofauti ya kicheko hiki na kile cha kila siku.

"Haya mtani," Najiat akasema, bado anacheka. "Mimi nimechukua kitenge, wewe umechukua kofia. Tuko sawa?"

"Tuko sawa."

"Na yule mume wako huko mbele. Kachukua nyama, kachukua redio, kachukua kitanda na chumba. Wewe umemchukulia nini?"

Leonia akafungua mdomo ajibu, kama alivyozoea. Akabaki amesimama na kofia ya polisi kichwani, akitafuta kitu kimoja tu, hata kidogo, ambacho aliwahi kumchukulia Fikiri kikabaki mikononi mwake.

"Nilichukua ufunguo wa pikipiki," akasema hatimaye. "Mara moja. Nikauficha kwenye unga. Nikamwambia leo mume unalala nyumbani."

"Akafanyaje?"

Leonia akanyoosha mkono, ule uliofungwa bandeji wakati wa masika. Kifundo kilipona upande, hakigeuki sawasawa. Bernadeta akaushika. Hakumuuliza habari za kisima.

"Aliuzungusha," Leonia akasema. "Huku anacheka. Na mimi nikacheka, maana mlango ulikuwa wazi na watu wanapita." Akakaa juu ya gunia. "Nimechoka kucheka, wanangu."

Wenceslaus akaitwa, na Fikiri akaja nyuma yake, bado anatabasamu. Akaiona kofia. "Eh! Mke wangu kaolewa na serikali?"

Hakuna aliyecheka. Akamtazama mmoja mmoja akitafuta atakayeanza. Najiat akamweleza kwa sauti ya kawaida kwamba yuko chini ya ulinzi kwa kumjeruhi bibi yake, na bibi atapewa fomu ya polisi ya matibabu ili daktari aijaze. Wenceslaus akachuchumaa mbele ya Leonia. Alimwambia kesi inahitaji kauli yake mwenyewe, na kama hataki mahakama, kuna njia ya kukaa kikao cha ukoo. Chumba na kitanda atarudishiwa leo, kwa njia yoyote. Hilo lingine aamue yeye.

Fikiri akaelewa kwamba kila kitu sasa kinategemea neno la bibi. "Mke wangu," akasema haraka, "waambie bwana. Waambie huu ni utani wetu."

Leonia akavua kofia akamrudishia Najiat. Fikiri ndiye damu pekee ya tumbo lake iliyobaki duniani. Akiondoka hakuna wa kumchotea maji, na siku ya kuzikwa kwake hakuna wa kutangulia kutupa udongo. Wote pale walilijua hilo, na Bernadeta alihofia kabisa kwamba bibi atacheka.

Fikiri akapiga magoti kwenye majivu. Sauti ikamtoka nyembamba, sauti ambayo haijawahi kusikika uani pale tangu alipokuwa mtoto.

"Bibi," akasema.

Leonia akamgeukia.

"Naam, mjukuu wangu," akaitika. "Nenda na afande."