Siro yangu haikukuwa dawa!

Banduku, mama-mukwe wangu alimaliza siro yangu na kijiko!

Niko nakasirika sana!

Leo mutoto wangu alifanya komunio ya kwanza. Jana nilishinda ku mbabula ya makala, napika sukari, tangawisi, karafuu na mudalasini mpaka ikakuwa nzito sawa asali. Ya kutia mu maji ya baridi ya bageni, na ya kumwanga juu ya keki. Chupa muzima, nikaweka mu frigo.

Asubui mama-mukwe ananiuliza: "Hii iko nini?"

Nikamujibu: "Mama, iko siro."

Kosa yangu njo ile!

Juu kwetu siro ya kunywa iko siro, na dawa ya kikohozi nayo iko siro. Na yeye alitoka Likasi na kikohozi.

Tunarudia toka ku misa, chupa iko tupu! Alibakia ku nyumba, akaita bamama majirani bote ba mu lupango, kila mutu na kijiko yake.

Namuuliza. Ananijibu mbele ya bageni: "Niko nakohoa usiku yote, na weye unaficha dawa mu frigo? Uko na roho mubaya!"

Miye! Roho mubaya!

Bageni banakula keki kavu, banakunywa maji ya bomba, ya robine tu. Mungekuwa miye, mungefanya nini?

Na musiniulize kama alipona.

Alipona! Tangu asubui hakohoe hata kidogo, na sasa anataka nimupikie chupa ingine ya kurudia nayo Likasi.