Hajambo, Ila Hajajamba

Nilistaafu kufundisha madrasa nikiwa na magoti mabovu na shukrani nyingi. Mungu akanipa kazi ya kutunza farasi sita chini ya milima ya Uluguru, kwenye banda ambako wataalamu walikuwa wanajaribu kutengeneza dawa ya sumu ya nyoka. Farasi huchomwa sumu kidogo sana, mwili wake ukajifunza kupambana nayo. Baada ya wiki kadhaa hutolewa damu shingoni, na dawa huchujwa humo. Mkulima wa Matombo akikanyaga nyoka kwenye migomba yake, anaokolewa na mnyama ambaye wapita njia wetu humwita punda mkubwa.

Farasi mgonjwa hatolewi damu. Hilo ndilo sharti. Kwa hiyo kila asubuhi nilijaza daftari lenye safu moja: "Hali yake leo."

Sasa mimi nimelelewa hivi: ukiulizwa hali, unajibu njema. Hata ukiwa umefungwa bandeji hadi masikioni, unasema sijambo, alhamdulillahi, halafu ndiyo unaeleza kwamba umegongwa na bodaboda. Kuanza na malalamiko ni kama kumsengenya Mola. Basi kila siku niliandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: "Hajambo, alhamdulillahi." Habari ya bodaboda haikuandikwa, maana safu ilikuwa nyembamba.

Kulikuwa na jike mwekundu mwenye dharau za mama mkwe. Siku mbili kabla ya zamu ya kutoa damu aliacha kula majani. Akawa analitazama tumbo lake kana kwamba limemtukana, analala, anainuka. Nikamwombea dua ndefu. Nikaandika hajambo.

Siku ya kutoa damu ikafika, na daktari wa mifugo, binti wa umri wa wajukuu zangu, akaja na sindano na mifuko yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama."

Akafunua daftari. "Wote wazima. Tuanze na huyu mwekundu."

"Hajambo," nikasema, "ila hali."

"Ila nini?"

"Hali majani tangu juzi. Na kinyesi chake ni kama cha mbuzi."

"Babu! Si umeandika hajambo siku zote?"

"Ndiyo. Alhamdulillahi."

Akaweka sindano chini. Alimfunua mdomo, ufizi ulikuwa mkavu. Akamsikiliza tumbo kwa kipimo chake, kimya kama msikiti saa nne asubuhi.

"Utumbo umeziba. Ningemtoa damu leo, kesho tungemfukia." Akanikazia macho. "Sasa nijibu bila adabu. Amejamba?"

Neno hilo nimewachapia watoto wengi. "Sijasikia... upepo," nikasema.

"Kwa hiyo hajambo, ila hajajamba."

Mama anayeosha vifaa vyetu alicheka mpaka akakalia ndoo. "Shehe, kaandike hivyo hivyo!"

Mimi sikucheka. Adabu yangu kwa Mungu ilikuwa karibu imuue kiumbe wake, tena kwa mwandiko mzuri.

Daktari alimpitishia mpira puani, akammiminia mafuta tumboni, akaagiza nimtembeze. "Asipojamba kabla ya magharibi, nipigie. Itakuwa hatari."

Tukazunguka uwanja, yeye na tumbo lake, mimi na magoti yangu. Nimeomba mvua, nimeomba wanafunzi wafaulu, nimemwombea hata shemeji yangu aache ugomvi. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, niliinua mikono kumwomba Mwenyezi Mungu ushuzi. Nilimwomba kwa unyenyekevu, kwa Kiarabu kwanza, kisha kwa Kiluguru nisije nikaeleweka vibaya.

Jua likainama. Nikamfunga kwenye nguzo, nikatawadha bombani, nikapita nyuma yake kuchukua mkeka. Akainua mkia.

Sitaeleza sauti ile. Nitasema tu kwamba mama wa vifaa, ambaye ni Mlutheri wa kuimba kwaya, alipaza sauti kutoka ndani, "Alhamdulillahi!" Kikafuata kinyesi, kingi, laini, cha kupendeza. Nilisimama pale uso umepulizwa, machozi yananitoka, ya furaha na ya harufu. Udhu wangu ulikuwa salama. Upepo haukuwa wangu.

Nikapiga simu.

"Vipi, babu? Hajambo?"

"Amejamba, mama," nikasema, kwa sauti ya mwadhini.

"Asante Mungu. Mpumzishe. Damu yake hatuigusi mpaka apone kabisa."