Mizinga ya Wifi Yustina

Moto wa shamba la Kulwa ulipovuka mpaka na kuteketeza mizinga yote ya nyuki ya Yustina, mjane wa kaka yangu, mimi nilitaka tukamvae huyo mtu nyumbani kwake siku ileile. Wifi yangu akaniambia nikae. Akachukua shoka, akaingia porini kutafuta mti wa kuchonga mizinga mipya.

Hapa kijijini Usinge tulijua alikoutoa utulivu huo. Binti yake alimtumia kwenye simu mafundisho ya Wastoa, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki: kuna yaliyo mikononi mwako na yasiyokuwamo, shughulika na yako. Wengine husikiliza wakasahau. Yustina alisikiliza akipalilia karanga, akakaza uzi. Aliniudhi kweli. Nilipomlaani Kulwa, aliniuliza kama laana inachonga mzinga.

Mwanawe Anselm, anayeishi Kitete mjini Tabora, alitaka mama ahamie kwake. Yustina akampa neno lake: nyuki wasipoingia mpaka mvua zikatike, atahama. Na hakuna alichokipenda duniani kama lile pori.

Alichonga, akapaka nta ndani ili harufu iwaite nyuki, akatundika. Akamwomba Kulwa aje wafyeke pamoja njia ya kuzuia moto, naye akaja, macho chini kwa aibu. Kila asubuhi tulikwenda kutega sikio. Kimya.

"Kutundika ni kazi yangu, wifi," alisema. "Kuingia ni hiari yao."

Mvua zikakatika, mizinga mitupu. Nikamshauri aombe muda zaidi. Akakataa; ahadi, alisema, ilikuwa mikononi mwake. Akafunga mizigo, akalia bila kujificha, akapanda gari. Mimi nililia kuliko yeye, nikawatukana nyuki kwa Kinyamwezi.

Majuma machache baadaye nilipita chini ya mzinga wa mpakani, nikasikia mvumo. Nikampigia simu palepale.

"Wifi, wameingia. Rudi nyumbani."

Nilimsikia akipenga kamasi.

"Nilisema mpaka mvua zikatike, nazo zimekatika," akajibu. "Sasa nyuki ni wako. Shika panga ukafyeke ile njia kabla kiangazi hakijakolea."

Nilikata simu kwa hasira. Halafu nikachukua panga, nikaenda nyumbani kwa Kulwa, kulekule nilikotaka kwenda siku ya moto. Aliponiona na panga mkononi akaelewa, akaingia ndani kuchukua lake.