Golikipa wa Japani na safari yangu ya Musoma

Jamani, kuna golikipa wa Japani amenizuilia safari, na wala hanijui.

Jumatatu nilikuwa niende Musoma kwa shangazi, nianze kozi ya ushonaji. Leo asubuhi mama akaona picha ya huyo golikipa kwenye simu yangu.

Mchana baba mdogo alishafika kutoka Bunda. Nikawekewa kikao.

"Huyu mwanaume ni nani, binti?" baba akauliza.

Nikasema ni golikipa, namshabikia tu.

Baba mdogo akacheka. "Magolikipa tunawaonaga wote kibanda umiza tukiangalia mpira. Huyu hayupo."

Nikaona bora niwaonyeshe ukurasa wake. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Chini ya picha moja nilimwandikia hongera, na yeye akanijibu: asante, na moyo mwekundu.

Mashabiki wake si wengi, kwa hiyo anajibu kila mtu. Lakini hilo unamwelezaje baba?

Baba akasoma. Kisha akauliza taratibu, "Mtu maarufu gani ana muda wa kumjibu mtoto wa hapa Bukima?"



Sasa baba amesema sitoki hapa mpaka wazee wa huyo Mjapani waje wajieleze. Baba mdogo ameshaanza kuuliza kama kwao wanafuga ng'ombe.

Naandika nikiwa jikoni, wao bado wako uani.

Kama kuna anayemfahamu huyu golikipa, naomba aje amwambie baba kwamba ni mchezaji kweli.

Ila asije mvulana.