Mfua jezi wa Gesima na hofu ya kupanda daraja

Saa moja asubuhi, Jumanne ya pili ya Februari, Ogeto Nyamongo anatua kikapu chake kwenye kituo cha kununulia majani chai, Gesima. Anapima kilo kumi na tisa kwa nambari yake ya nyumbani. Halafu anainua gunia dogo na kumwambia karani, "Haya andika ya klabu." Ni kilo tatu. Anakaa kwenye benchi kusubiri risiti. Karani anapomnyooshea, mkono wa Ogeto hauinuki kuipokea.

Wakati huo mkewe, Persis Gesare, alikuwa kijitoni akifua jezi. Alikuwa amemaliza kumi na moja, zimebaki tano, alipoitwa.

"Hizo tano zilikaa na matope wiki mbili," anasema. "Hakuna aliyethubutu kuniuliza."

Persis, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, ni mchuma chai. Kwa miaka kumi na mmoja amefua jezi za Majani FC na kuchora mistari ya uwanja wao. Analipwa shilingi mia tatu kwa mechi. Chokaa ni ghali, kwa hiyo anatumia majivu anayoyakusanya kwenye majiko ya majirani. Mvua ikinyesha saa nane, kama ilivyo kawaida Gesima, kufikia kipindi cha pili mwamuzi anakisia tu mstari ulikuwa wapi.

"Ogeto alikuwa akiniambia, 'Mama Linet, wewe umetunyima penalti nyingi kuliko mwamuzi yeyote,'" anasema Persis, na anatabasamu kidogo.

Msimu uliokwisha, Majani walimaliza wa kwanza katika ligi yao, pointi kumi na mbili mbele ya timu ya pili. Zamani hiyo ilitosha kupanda daraja. Sasa kamati ya leseni inataka klabu inayopanda ithibitishe kwamba ina fedha: ionyeshe mapato yake, au ilete dhamana ya shilingi laki sita. Siku ya mwisho ni Ijumaa hii. Majani wakishindwa, nafasi yao itachukuliwa na timu ya pili, ya mjini Kisii, ambayo ina mfadhili na basi lake.

Mapato Majani wanayo, ila yanaota shambani. Kwa miaka tisa, nyumba zipatazo arobaini zimekuwa zikipima kilo mbili tatu kila wiki kwa nambari ya klabu. Malipo ya mwezi yalitosha nauli za mechi za ugenini, na bonasi ya mwaka ilinunua viatu. Lakini kiwanda humpa nambari mkulima, si timu ya mpira. Ogeto, aliyekuwa katibu wa klabu, aliichukua kwa jina lake.

Baada ya mazishi ya Ogeto, watu waliendelea kupima kwa nambari ile ile. Aliyesimamisha ni Persis mwenyewe. Ni Mwadventista ambaye hata jirani akimwomba aseme hayupo nyumbani, hasemi. Alikwenda kiwandani na cheti cha kifo.

"Marehemu hachumi chai," anasema. "Ningeachaje aandikiwe kilo kila wiki kama mtu aliye hai?"

Kijiji kilimuunga mkono. Nambari ikafungwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuonyesha kwamba klabu ina kitu.

Mkaguzi wa ligi naye alifika Jumamosi, siku ya Sabato, Gesima nzima ikiwa kanisani. Alikuta ng'ombe wawili uwanjani. Akaandika kwamba klabu haina ofisi, haina afisa, na mistari yake ni ya majivu.

"Angewauliza hata hao ng'ombe," anasema kocha Mokua, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. "Wangemwambia mechi ni kesho."

Jumapili iliyopita alasiri, Mokua alikwenda nyumbani kwa Persis. Alisema kilichomleta akiwa bado mlangoni. Njia iliyobaki, alisema, ni dhamana. Majirani wengi bado wanalima ardhi iliyo kwa majina ya mababu zao. Shamba lenye hati safi ni moja tu, ekari moja na nusu za chai ambazo Ogeto alizinunua na kuziandikisha kwa jina la mkewe. Karo ya binti yao Linet, aliye chuo cha uuguzi, inatoka hapo.

"Mama Linet, pointi tulizipata uwanjani," Mokua alimwambia. "Mtu hawezi kuja na basi akachukua nafasi ambayo vijana wameitolea jasho. Kama ni pesa inayopanda daraja, basi wawavalishe jezi mameneja wa benki."

"Na pesa zikiisha katikati ya msimu?"

"Tutapata mfadhili."

"Nani?"

"Tutapata."

Tangu hapo, Persis akisikia pikipiki barabarani anadhani ni watu wa kuja kuona mipaka ya shamba. Akiwaona vijana wanakimbia mazoezini, anainamisha uso.

"Naogopa kamati ikitukataa, vijana watasema ni mimi," anasema. "Halafu naogopa zaidi ikitukubali."

Jumatatu asubuhi alikwenda kituoni kuongea na Haron Anyona, karani wa mizani, yule aliyemnyooshea Ogeto risiti. Haron anachechemea. Miaka kumi na mitatu iliyopita alikuwa beki wa timu moja ya upande wa Nyamarambe iliyopanda daraja kwa matokeo peke yake. Hakuna aliyeuliza habari za fedha. Katika mechi ya sita, ugenini pwani, alivunjika mguu. Klabu haikuwa na nauli ya kurudi, sembuse pesa za hospitali. Alifika nyumbani siku ya nne, juu ya lori la saruji. Timu ilivunjika kabla ya Krismasi.

"Omong'ina, mimi nilishapandishwa daraja," alimwambia Persis kwa heshima anayopewa mama mtu mzima, huku akigonga goti kwa kalamu. "Medali yangu ndiyo hii."

"Kwa hiyo hao wa kamati wana haki?"

"Kuuliza wana haki. Wangetuuliza sisi, leo ningekuwa natembea vizuri. Lakini wanauliza nani ana mfadhili. Wetu tulikuwa naye, alituacha kwa simu moja. Hawa wa Gesima wameleta majani miaka tisa. Risiti ziko wapi?"

Ziko kwenye mkebe wa biskuti, chini ya kitanda. Ogeto hakutupa hata moja.

Haron aliandika barua ya kueleza kwamba majani yale yalikuwa ya klabu, si ya mtu mmoja, akaigonga muhuri wa kituo. Kisha akafungua droo na kutoa karatasi ndogo iliyokunjwa.

"Hii hakuichukua," alisema.

Ilikuwa risiti ya zile kilo tatu. Persis aliishika kwa mikono miwili. Alipofika nyumbani aliiweka juu ya zingine na kufunga mkebe.

Ijumaa atakwenda Kisii na mkebe huo na barua ya Haron. Hati ya shamba haendi nayo. Mokua ameshaambiwa, na tangu Jumatatu hajapita kwa Persis kuchukua jezi, ingawa shuleni anakofundisha ni njia hiyo hiyo.

"Wakisema haitoshi, tutabaki chini tujipange," anasema Persis. "Bado naogopa. Lakini mtoto wa mtu hatarudi hapa juu ya lori kwa sababu mimi nilitaka kumfurahisha Ogeto."

Siku hiyo ya Jumatatu alijaza pia fomu ya kuipimia klabu majani upya. Nambari mpya imeanza kutumika, na jina lililoandikwa ni Persis Gesare. Kufikia jana ilikuwa na kilo tatu, zote alizichuma yeye.