Hita ya Pili

Mume wangu aliponioa na kunileta Dubai aliahidi kwamba kwa mama yake tutakaa mwaka mmoja tu. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, na sisi bado tuko palepale Al Mankhool, vyumba viwili na sebule, mimi, yeye na mama mkwe. Kazi yake ilikuwa Silicon Oasis, mbali kidogo nje ya mji, na huko ndiko alikosema tutapanga. Kila nikimkumbusha alijibu inshallah, ile inshallah ya kumnyamazisha mtu.

Mimi kumwambia wazi kwamba tuhame nilikuwa siwezi. Yeye ni mtoto wa pekee, mama yake mjane, na sisi watu wa Unguja mke anayemtoa mume kwa mama yake husemwa huku Dubai na kule kwetu pia. Nilihitaji sababu isiyotoka kinywani mwangu, nikaipata kwenye maji.

Aliyekaa Dubai wakati wa joto anajua kwamba bomba la maji baridi hutoa maji ya moto, kwa kuwa matangi yako juu ya paa na jua la kule halina huruma. Dawa yake ni kuzima hita, lile tangi la ndani la kuchemshia maji. Maji yaliyo ndani yake hupoa kwa kiyoyozi cha nyumba, na ukifungua bomba la moto unaoga maji ya kuvumilika. Majirani wote walifanya hivyo. Kwetu hita ilikuwa moja kwa mabafu yote mawili, swichi iko ukumbini karibu na mlango wa mama mkwe, naye haizimi ng'o. Alisema magoti yake hayataki baridi. Nikiizima, baada ya muda mfupi nasikia swichi imeshabonyezwa. Kiyoyozi nacho kilikuwa na kidude kimoja tu cha kupangia baridi, ukutani sebuleni, na mama mkwe alikiweka nyuzi ishirini na nane.

Basi nikawa naoga maji ya kupikia chai, natoka bafuni nina jasho kuliko nilivyoingia. Mume anashinda kazini, sisi wawili tumefungiwa ndani na joto la nje, kila mmoja anamsikia mwenziwe akivuta pumzi. Nilikuwa na hasira za kupasua sahani. Lakini niseme kweli, nilifurahi pia. Kila jioni nilimwonyesha mume wangu vipele vya shingoni, bila kumtaja mama yake hata mara moja. Niliamini kabla joto halijaisha atasema mwenyewe, haya, tuhame.

Jumamosi moja mume wangu akaleta fundi. Alikuja na hita ya pili, akaifunga bafuni kwetu, swichi yake akaiweka chumbani mwetu, kisha akatutenganishia na kiyoyozi, chumba chetu kikawa na kidude chake. Alitoboa kuta toka asubuhi mpaka alasiri, na mume wangu akamshikia ngazi kwa raha zote. Mwisho fundi akajaribu kila kitu, akasema kazi imekwisha, "Khalas, madam."

"Sasa kila mtu na lake," mume wangu akaniambia. "Una neno tena?"

Nikasema sina. Nilikuwa nimelilia maji ya baridi miezi miwili, na hayo hapo yameletwa. Moyo ulinishuka, nikaona maisha yangu yote yataishia ndani ya chumba kile chenye swichi zake.

Akamsindikiza fundi chini. Mimi nikashika ufagio, kuta zilikuwa zimemwaga vumbi ukumbi mzima. Mama mkwe alisimama mlangoni kwetu akiitazama swichi mpya.

"Hivi wewe umekubali kwa nini?" akaniuliza.

Sikumwelewa.

"Magoti yangu mazima. Miye nami nilikuwa nakufa kwa joto," akasema. "Mwana siwezi kumwambia toka, watu watasema nimemfukuza. Nikasema huyu mkewe akichoka atamchukua waende zao, nami nipumzike nyumbani kwangu."

Nikamwambia, "Nami nilikuwa nangojea joto lako hilohilo lituhamishe, Mama."

Tulitazamana. Kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile nilimpenda, na nilitamani kulia. Tungeweza kupanga la kusema, lakini mume wangu alikuwa ameshafungua mlango.

Kutukuta tumesimama pamoja kulimfurahisha mno. Akatueleza kwamba kuna nyumba aliiona Silicon Oasis na wiki ile alikuwa karibu kutia saini, ila sasa, kwa kuwa ugomvi wa swichi umekwisha, amempigia simu dalali kutoka hukohuko chini, akamwambia nyumba ile ampe mtu mwingine.

Nilimtazama mama mkwe, naye akanitazama.

"Mungu akuzidishie, mwanangu," mama akamwambia.

Mimi nikaenda kumpakulia chakula.